Nyimbo za jadi za mtoto mchanga: mama Muha, baba Mnyamwezi, tuanze na zipi?

BintiBuhigwe (mwanzisha uzi)

Wakuu mwakeye, na wa Tabora mwangaluka.

Nina binti wa miezi 5, mtoto wetu wa kwanza. Tunaishi Kigoma mjini, Mwanga. Mimi kwetu Buhigwe, baba yake Mnyamwezi wa Urambo. Ndani tuna sabufa moja na ugomvi usioisha: mwenzangu akirudi kazini anaweka singeli, dada anayenisaidia kazi anaweka kwaya, na jirani yangu, Mungu ambariki, kanirushia kwenye simu katuni za Kizungu za kufundisha herufi, eti mtoto atapata akili mapema. Mtoto akiwekewa anakodoa macho kwenye kioo mpaka anasahau kupepesa.

Mimi nataka asikie vya kwetu kwanza. Kazi iko kwenye kuchagua. Nimeingia YouTube nikaandika ngoma za Waha, zimekuja chungu nzima: za harusi, za kampeni, za mahafali ya shule. Za Kinyamwezi ndiyo kabisa, sijui ipi ya nini. Zipi zinafaa kwa mtoto wa umri huu? Sauti iwe kiasi gani? Na lugha nisiyoijua je (Kinyamwezi mimi naambulia salamu tu), nimwimbie hivyo hivyo?

Wale wa "mtoto mchanga hasikii kitu" naomba mpite kimya kimya.

KondaWaKasulu

Weka singeli mama. Huyo hatatambaa, ataanza na mbio moja kwa moja.

BintiBuhigwe

Konda shusha abiria, tuache wenye watoto tuongee.

MkweWaNzega

Kabla hujashusha chochote cha Kinyamwezi kutoka mtandaoni, mtafute mtu anayejua lugha akusikilizie maneno. Siongei kwa nadharia. Shemeji yangu yuko Igunga, alipata mtoto, naye akawa na wazo kama lako. Akashusha video ya ngoma tamu kweli, akina mama wanacheza na manyanga, vigelegele, furaha tupu. Akaitia kwenye flashi, ikawa ndiyo ya kumchezeshea mtoto kila asubuhi. Bibi wa mtoto akaja kutoka kijijini. Kafika, kawekewa kiti, kaletewa maji, mara flashi ikaanza. Yule bibi alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, tukadhani analia. Kumbe anacheka.

Zilikuwa nyimbo za mapacha. Kwetu, na kwa Wasukuma vilevile, mapacha wakizaliwa wana shughuli yao na nyimbo zake, na matusi ya nguoni ni sehemu ya shughuli yenyewe. Pale mahali pake hakuna anayeshangaa. Ila kuyapiga saa moja asubuhi na dirisha wazi, mtoto mwenyewe hana hata pacha, mtaa mzima ulikuwa umeshajua isipokuwa wenye nyumba.

BintiBuhigwe

Nimecheka hadi mtoto kaamka. Haya, hilo limeingia.

NesiWaZamu

Hongera kwa mtoto. Niseme ya upande wangu, ya utamaduni nawaachia wenyewe.

Mtoto anaanza kuitikia sauti akiwa bado tumboni, mimba ikiwa na wiki kama 25 hivi. Anapozaliwa sauti ya mama yake anaijua tayari, hilo lilipimwa tangu 1980: watoto wa siku chache waliwekewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, wakawa wanabadilisha jinsi ya kunyonya ili wasikie sauti ya mama zao badala ya ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo swali la "anasikia au hasikii" lilishafungwa siku nyingi.

Sasa hilo la akili. Hadithi nzima ilitokana na utafiti wa 1993 wa chuo kikuu cha California pale Irvine. Waliosikilizishwa Mozart walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima. Wakasikiliza dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kukunja na kukata karatasi kichwani, na baada ya kama robo saa manufaa yakayeyuka. Mtoto mchanga hakuwepo hata mmoja. Ila habari ilivuma mpaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani akaomba fedha za serikali kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa kizungu wa zamani. Katuni za jirani yako ni wajukuu wa hadithi hiyo hiyo. Na kioo chenyewe, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2019 linasema mtoto chini ya mwaka asikae mbele ya skrini kabisa.

Sauti: hospitalini tunapolaza watoto wachanga kiwango kinachoshauriwa ni kisizidi desibeli 50, yaani maongezi ya utulivu sebuleni. Huna kipimo? Kaa pale mtoto alipo, ongea na mtu kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupaza, punguza. Na sabufa isielekezwe kwenye kitanda, wala simu isiwekwe chini ya mto.

MlokoleWaGungu

Dada yangu, nakuonya kwa upendo. Ngoma za asili zina maagano. Kila kipigo kina mwenyewe. Mtoto ni wa Bwana, mwimbie tenzi.

MkweWaNzega

Mtumishi, maagano ya kumbembeleza mtoto alale ni na nani? Na usingizi?

BintiBuhigwe

MlokoleWaGungu asante. Tenzi anaimbiwa pia, dada wa kazi hakosi. Lakini bibi yangu aliyeniimbia Kiha ndiye aliyenishika mkono kunipeleka Jumapili, sioni alivyonipoteza.

MzeeWaNdono

Mwangaluka wote. Niko Tabora, Kitete hapa, nimestaafu ualimu. Huyo ndugu wa Gungu asidharauliwe, ana chembe ya ukweli ndani yake. Unyamwezini zipo nyimbo zenye wenyewe. Baswezi, chama cha jadi cha mambo ya pepo, wana zao, Bayeye, chama cha watu wa nyoka, wana zao, na ambaye hakuingizwa hazichukui akazifanya za nyumbani. Sisemi zina madhara, nasema si zako. Hata mzee wa Kinyamwezi asiye wa chama hicho hakumwimbia mtoto wake. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kila ngoma ina pepo, huko ni kuchoma shamba zima kwa sababu ya nyoka mmoja.

Binti, umeuliza wimbo upi. Mimi ningeuliza kwanza: huo wimbo mwili wako unauweza ukiwa na mtoto mgongoni?

Nieleze. Watoto wetu hawakufundishwa muziki kwa kuwekewa mbele waangalie. Walifungwa mbeleko. Mama anatwanga, mchi unapanda, unashuka, na mtoto yupo pale shavu limelala kwenye uti wa mgongo. Mgongo ndio ulikuwa spika. Kila mchi ukishuka, kipigo kinapita kwenye mbavu za mama kinaingia kifuani kwa mtoto. Mama akiwa anaimba, sauti nayo inapita hapo hapo, kabla haijafika hewani.

Na wataalamu wamelikuta hili walipokuja na vipimo vyao. Mwaka 2005 watafiti wa Canada waliwachukua watoto wa miezi 7, wakawapigia mdundo usio na mkazo, unaoweza kuhesabiwa mbilimbili au tatutatu. Nusu ya watoto walirushwarushwa mikononi kila kipigo cha pili, nusu kila cha tatu. Baadaye wakapigiwa midundo yenye mkazo, na kila mtoto akapenda kusikiliza ule aliorushwa nao. Wengine waliomtazama mtu mzima akijirusha tu, wao wametulia, hawakuonyesha kupendelea chochote. Kwa hiyo kumweka mtoto mbele ya sabufa au kioo na wewe ukaenda zako jikoni, unampa nusu ya kitu, na nusu yenyewe ni ile nyepesi.

Hapo sasa ndipo penye uchaguzi. Nyimbo nyingi za kwetu, na nyimbo za Waha nilizosikia nikiwa nafundisha Kibondo, zina tatu ndani ya mbili. Chukua mtoto, mpigepige mgongoni kwa kiganja: pa, pa, polepole kama mapigo ya moyo. Wakati huo huo mdomo wako uimbe vipande vitatu kwa kila viganja viwili. Ukijaribu kuhesabu utakosea, usihesabu, tembea. Miguu inakwenda mbili, mdomo unakwenda tatu, na mtoto yupo katikati anavipokea vyote. Wimbo unaokuruhusu kufanya hivyo bila kujikwaa ndio wako.

Na usichelewe. Mwaka huo huo wa 2005 watafiti wengine walitoa kazi juu ya watoto wa Amerika Kaskazini na midundo ya watu wa Balkan, ile isiyogawanyika sawasawa. Wa miezi 6 walikuwa wanatambua mdundo ukiharibiwa. Wa miezi 12 hawatambui tena, sikio limeshachagua muziki wa nyumbani. Hao wa mwaka mmoja walipopigiwa midundo hiyo nyumbani kwa wiki 2 walirudi wakatambua. Watu wazima waliopewa mazoezi hayo hayo hawakurudi kama wao. Wako ana miezi 5. Hesabu mwenyewe.

KondaWaKasulu

Mzee nimejaribu hiyo tatu ndani ya mbili hapa kituoni, abiria wananiangalia.

ShangaziWaUjiji

Mwanangu BintiBuhigwe, hodi humu. Nawaona mmekwenda Buha, mmekwenda Unyamwezini, mmeiruka Ujiji utadhani hakuna watu. Sisi Wamanyema na Waswahili wa hapa jadi yetu ni ipi? Mtoto siku ya 7 anachinjiwa akika, anasomewa, na akina mama wanatia kasida kwa dufu. Hiyo ni jadi ya miaka na miaka, mjukuu wangu anaijua kuliko anavyojua jina lake.

Dufu linafaa kwa mtoto kushinda ngoma kubwa, maana mpigaji analizima kwa kiganja anavyotaka. Kipigwe kimoja tu, tena kwa ncha za vidole. Na kasida zina sifa moja: kiitikio kinarudi, kinarudi, mpaka mtoto anakisubiri. Wangu akisikia kinakaribia anaacha kunyonya, anageuza shingo.

Ila nikuchekeshe. Mkwe wangu mmoja aliacha kasida inacheza kwenye simu usiku kucha akidhani mtoto atalala fofofo. Mtoto kalala. Yeye ndiye hakulala, anasema kila akisinzia wanaitikia.

MamaPachaMwandiga

Jamani mimi nina swali dogo la pembeni ambalo linanisumbua. Mama mkwe wangu akimbembeleza mtoto anaimba maneno mazito. Anatunga mwenyewe, Kiswahili na Kiha amechanganya. Juzi nilimsikia hivi, na mume wangu amekaa pale pale anafunga viatu:

*Nyamaza we, mama, nyamaza,*
*treni imelala Nguruka;*
*baba kaaga kwa maneno matamu,*
*kibaba cha unga kakiacha nusu.*

Mtoto anachekelea tu, mume kanuna. Je, maneno kama haya si yanamtia mtoto huzuni? Nimwambie aache?

MzeeWaNdono

Umwambie aache? Mama, hapo unao wimbo wa jadi hai, tena mbichi, na wewe unataka kuuzima.

NesiWaZamu

Mtoto mchanga hapokei maana ya maneno mazito kama hayo, anapokea sauti, kasi na uso wa anayeimba. Mwaka 2016 Montreal walijaribu: watoto wa kati ya miezi 6 na 9 waliachwa wametulia, wakasikilizishwa rekodi bila kuona mtu, wengine maongezi na wengine wimbo wa Kituruki ambao hawajawahi kuusikia maishani. Waliokuwa wanaimbiwa walikaa dakika kama 9 kabla ya kuanza kununa, waliokuwa wanaongeleshwa dakika kama 4 tu. Hiyo inamjibu na mwanzisha uzi kuhusu Kinyamwezi asichokijua. Imba tu, maana itakuja baadaye.

Huyo aliyenuna ndiye anayejua maana. Mwambie alete unga.

ShangaziWaUjiji

Nesi kamaliza. Tangu lini bembelezi ikawa ya mtoto peke yake? Mwanamke ukweni anasemea wapi? Huwezi kumkabili mume mbele ya wakwe, lakini mtoto akilia una ruhusa ya kusema mbele ya baraza lote na hakuna wa kukukatiza, maana unambembeleza mtoto. Sisi tulisikia mengi ya ukoo kwa njia hiyo, tumelala chali tumejifanya tumesinzia.

Hapa huyo bibi anamsema mwanawe mwenyewe, kwa ajili yako. Wangapi wana mama mkwe wa namna hiyo? Mpikie sombe (kisamvu) na migebuka.

MamaPachaMwandiga

Sikuwa nimeliona hivyo. Mawese yapo, napika.

MtuWaReliDar

Niko mbali na nyumbani, Dar, Kigoma ni kwetu. Nataka kuongeza la kumbukumbu, maana nyimbo kama hizi mtu angemuuliza bibi, na sisi wengine bibi hayupo tena.

Kuna Mwingereza aliyeitwa Hugh Tracey, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo ya kurekodi, akanasa Wanyamwezi, Wasukuma, Wagogo, Wahaya na wengine wengi. Kazi zake zimehifadhiwa kwenye maktaba aliyoianzisha 1954, ambayo sasa iko chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sehemu imetolewa kwenye santuri za siku hizi na inasikilizika mtandaoni. Uzuri wake ni kwamba wapigaji wamekaa karibu na kinasa sauti, hakuna kinanda cha kielektroniki kilichopachikwa juu. Unasikia kidole kinagusa uzi. Na Redio Tanzania ya zamani ilituma magari mikoani kurekodi ngoma, kanda zile zipo TBC. Ukiwahi kusikia zile za alfajiri kabla ya taarifa ya habari utajua ninachosema.

Wangu nilimwanzishia Hukwe Zawose, marehemu, Mgogo wa Dodoma. Si kabila langu, si la mke wangu. Lakini ile ilimba, marimba ya vidole, ina mlio unaotetemeka ambao mtoto alikuwa akiufuata kwa macho kama anatafuta nzi. Ushauri wangu: usijifunge sana na Uha na Unyamwezi. Mtoto hana kitambulisho cha kabila.

MkweWaNzega

MtuWaReliDar hapo nakupinga kidogo. Zawose ni sawa, lakini ukimpigia cha Mgogo kwa sababu wewe mwenyewe huwezi kuimba cha Muha, basi wewe ndiye unayesikiliza, mtoto yuko karibu tu. Mzee kasema jambo la mwili. Rekodi haina mwili.

MtuWaReliDar

Kweli, lakini nilikuwa nambeba huku natembea nayo chumbani. Mwili ulikuwa wangu, wimbo wake. Haihesabiki?

MzeeWaNdono

Inahesabika. Tena vizuri sana, kuliko mama anayejua nyimbo mia na kumwachia mtoto simu.

Na rekodi zina kazi nyingine: ni za kukufundisha wewe. Sikiliza wimbo mmoja wakati unaosha vyombo mpaka uushike, halafu zima, uimbe. Ukikosea maneno weka lala-lala-lala, hakuna mkaguzi.

Kama unataka chombo, tafuta kilicho kimya. Ndono yenyewe, jina langu hapa, ni upinde wenye uzi mmoja na kibuyu. Kibuyu unakiegemeza kifuani, unagonga uzi kwa kijiti, na ukikisogeza kibuyu mbali au karibu na kifua sauti inafunguka na kujifunga. Mtu akiwa chumba cha pili hasikii. Mtoto aliyelazwa mapajani mwa mpigaji anasikia kila kitu. Upande wenu wa Burundi kuna inanga, na wapo wanaoimba nayo kwa kunong'ona, sauti ya mtu na ya nyuzi hutofautishi. Kwa usiku sijui kitu kinachoipita hiyo. Ngoma za kifalme za Burundi, zile zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2014, ni fahari ya eneo zima, lakini kumpelekea mtoto wa miezi 5 akae karibu nazo hapana. Mbebe, simama mbali, mwacheni asikie kishindo kinavyofika kwenye ardhi.

FundiSabufaKibirizi

Mimi natengeneza hivi vitu, niseme la kwangu. Sabufa inaongeza besi. Nyimbo za zamani za nyuzi hazina besi nyingi, kwa hiyo ukiiacha kama ulivyoiweka kwa ajili ya singeli utasikia ngurumo ya umeme tu na zeze limefichwa. Punguza besi mpaka mwisho, au tumia redio ndogo ya mkono ya betri. Spika yake ndogo inatosha kabisa sauti ya mtu na uzi. Hamtaniletea kazi lakini ndiyo ukweli.

KondaWaKasulu

Fundi mwenye dini.

BintiBuhigwe

Nimesoma zote, nyingine nimemsomea baba yake kwa sauti. Nieleze tulipofika, maana wengine mmeuliza inbox.

Nimempigia mama mkwe Urambo. Nilianza kwa heshima, mama naomba nyimbo za kumbembelezea mjukuu wako. Akasema hazijui, yeye si mwimbaji. Nikamwambia haya, basi nisaidie namna ya kumnyamazisha, nikamsogezea simu mtoto analia. Hapo hapo akaanza! Hakujua kwamba anaimba. Amekatisha katikati akaniuliza, "Kanyamaza?" Nikamwambia bado mama, endelea. (Alikuwa ameshanyamaza.) Baba yake alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, akaiweka chini, akaitikia kipande cha pili. Mimi niliyeishi naye sijawahi kumsikia akitoa neno la Kinyamwezi zaidi ya kwenye simu.

Kwa hiyo upande wa Tabora ni huo mmoja, ameutuma tena kwa sauti WhatsApp, na maana yake nimetafsiriwa, hauna mapacha. Upande wa Buha nimechukua ule wa kutwangia sombe ambao mama alikuwa anaimba, kwa sababu ya Mzee: ndio pekee ambao mikono yangu inaujua bila kufikiri. Nimeujaribu na mbeleko. Mchi ukishuka anatoa pumzi "hh", ukishuka "hh". Kasida nitakuja kuzipata kwa Shangazi mwenyewe, Ujiji si mbali.

Singeli haijafukuzwa. Imepewa saa yake, jioni, baba akiwa amembeba na besi ikiwa chini.

ShangaziWaUjiji

Karibu mwanangu, uje Alhamisi jioni akina mama wanakuwepo. Dufu lipo, usinunue.

MlokoleWaGungu

Huo wa kutwangia sombe sina neno nao. Hata mama yangu aliuimba.

MkweWaNzega

Amina mtumishi.

MamaPachaMwandiga

La mwisho kwangu. Nimeona sokoni wanauza manyanga madogo ya vibuyu, yamechorwa vizuri. Naweza kuwapa wanangu washike? Wana miezi 8, kila kitu kinaingia mdomoni.

NesiWaZamu

Usiwape. Kibuyu kikikaushwa ni chepesi kupasuka, na mbegu au kokoto za ndani ni saizi ile ile inayoziba koo la mtoto. Na rangi hujui ni ya nini. Manyanga shika wewe, utikise, wao washike mikono yako.

MzeeWaNdono

Na ukishayashika, moja liwe kila mkono, mkono wa kulia ukienda mara tatu wa kushoto uende mara mbili.

KondaWaKasulu

Mzee tuhurumie.